"Mfumo Haukubali": Ukimya wa Kompyuta Usigeuzwe Hukumu

Lugha ya Kiswahili ina utajiri ambao sisi wasemaji wake tumeuzoea mno hata hatuuoni. Ukimwuliza mtu kama ana mtoto, anaweza kukujibu "sina", anaweza kukujibu "bado", na akiwa ni mtawa anaweza kukuambia kwamba swali hilo halimhusu. Katika majibu hayo matatu hamna mtoto hata mmoja, lakini hakuna msikilizaji atakayeyachanganya. Sarufi yenyewe imeilinda tofauti hiyo: "hakuoa" ni habari iliyokwisha kufungwa, "haoi" ni msimamo, na "hajaoa" ni mlango ulioachwa wazi. Mtoto wa miaka mitano anajua kwamba "sikula" si "sijala", na akiwa na njaa atahakikisha nawe unajua.

Nimeanza na sarufi kwa sababu nataka kuzungumzia mashine zinazotuandikisha, kutupa mikopo, kutusahihishia mitihani na kutufungia simu, na ambazo kwa sehemu kubwa hazijui kusema "bado". Nataka pia kuwazungumzia watu wanaozitengeneza, ambao tofauti hiyo wanaijua vizuri, na taasisi zinazozinunua bila kuuliza.

Hoja yangu ni hii. Kila mfumo wa kompyuta unaohifadhi habari za watu hukutana, mara maelfu kwa siku, na swali moja dogo: je, sifa hii ya mtu huyu imetangazwa? Swali hilo ni tofauti na lile la pili: thamani ya sifa hiyo ni ipi? Waandishi wa programu wanapoyaunganisha maswali haya mawili na kuyafanya moja, "haijaandikwa" hugeuka "hapana", na mwananchi huadhibiwa kwa swali ambalo hakuulizwa. Nimekwisha kuambiwa mara nyingi, katika vikao na katika mabaraza ya walimu, kwamba hilo ni jambo la kiufundi ambalo tuwaachie mafundi. Nalikataa dai hilo. Ni jambo la haki lililovaa nguo za ufundi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuandika programu, nieleze kwanza. Katika lugha nyingi za kompyuta za leo, mtu, gari au akaunti ya benki huwakilishwa na kile tunachokiita kitu, na kitu hicho hubeba sifa. Kitu kiitwacho mwanafunzi kinaweza kuwa na sifa ya jina, sifa ya namba ya usajili na sifa ya alama. Sasa itazame sifa ya alama peke yake. Inaweza kuwa katika hali nne. Kwanza, huenda haikutangazwa kabisa: aliyetengeneza mfumo hakuiweka, au ameiweka kwa jina jingine. Pili, huenda imetangazwa lakini haijapewa thamani: nafasi ipo, mwalimu hajaijaza. Tatu, huenda imepewa thamani iitwayo sifuri: mwanafunzi aliufanya mtihani na hakupata kitu. Nne, huenda imepewa thamani nyingine yoyote, tuseme 14. Hali mbili za mwanzo zinatuambia habari za mfumo na za mwalimu. Hali mbili za mwisho ndizo zinazotuambia habari za mwanafunzi. Anayezichanganya anamhukumu mwanafunzi kwa uzembe wa mwalimu au wa fundi.

Lugha za programu zenyewe zinaujua ugumu huu, na kila moja imejaribu kuutatua kwa njia yake. Katika PHP, ambayo ndiyo inayoendesha tovuti nyingi za ofisi na biashara, kuna isset na kuna property_exists. Ya kwanza husema "hapana" hata pale sifa ilipotangazwa, ikiwa tu thamani yake ni null, yaani haina kitu ndani. Ya pili huuliza kama sifa yenyewe imetangazwa, bila kujali kilichomo. Maswali mawili, majibu mawili. Katika JavaScript, iliyoandikwa na Brendan Eich mwaka 1995, kuna null na kuna undefined, na ukisoma sifa ambayo haipo hutapata kosa wala onyo: utapewa undefined kimyakimya, kana kwamba hukuuliza upuuzi. Anayetaka kujua ukweli lazima atumie neno in, ambalo huhesabu hata sifa ambazo kitu kimezirithi kutoka kwa waliokitangulia, au Object.hasOwn, iliyoingizwa katika toleo la mwaka 2022 la viwango vya lugha hiyo, ambayo huhesabu zile zilizo zake mwenyewe tu. Katika Python kuna hasattr. Katika matoleo ya zamani hasattr ilikuwa ikimeza karibu kila kosa lililotokea wakati wa kuitafuta sifa, kisha ikajibu kwamba sifa haipo. Hata kama chanzo kilikuwa ni seva iliyokatika, jibu lilikuwa lilelile. Toleo la 3.2 la mwaka 2011 ndilo lililoirekebisha, ikawa inasema "haipo" pale tu kosa lililotokea ni la sifa kukosekana.

Nawaomba wasomaji wangu wasio mafundi waisome tena sentensi hiyo ya hasattr. Kwa miaka mingi, chombo kilichotegemewa na maelfu ya waandishi wa programu kilikuwa na tabia ya karani tunayemfahamu sote: akishindwa kulifungua kabati la mafaili kwa sababu ufunguo umepotea, anarudi dirishani na kukuambia kwamba faili lako halipo. Waliokijenga waliliona kosa hilo na kulisahihisha. Je, makarani wetu na mifumo yetu vimesahihishwa na nani?

Tabaka la kwanza la tatizo liko darasani, nami nalisema kama mtu anayesimama mbele ya ubao. Tunawafundisha vijana kuandika if (mwanafunzi.alama), nao huona wameuliza kama alama ipo. Hawakuuliza hivyo. Katika JavaScript mstari huo unakataa undefined, unakataa null, unakataa maandishi matupu, na unaikataa pia namba 0. Mwanafunzi aliyepata sifuri na mwanafunzi ambaye karatasi yake haijasahihishwa wanatupwa katika kapu moja. Kisha kijana mwerevu anaongeza mwanafunzi.alama || 0 ili programu isimsumbue, na hapo kapu linabandikwa jina: wote wamepata sifuri. Akikosea herufi moja akaandika alma badala ya alama, lugha haitamwonya. Kila mwanafunzi wa mwaka ule atakuwa amepata sifuri, na programu itaendelea kwa furaha.

PHP nayo kwa miaka mingi iliruhusu kosa la upande wa pili: ukiandika thamani katika sifa isiyokuwapo, lugha ilikutengenezea sifa mpya papo hapo, bila neno. Alama zikaingizwa mahali ambapo hakuna atakayezisoma. Toleo la 8.2, lililotoka Desemba 2022, lilianza kutoa onyo dhidi ya tabia hiyo na kumtaka mwandishi atangaze sifa zake kabla ya kuzitumia. Walalamikaji walikuwapo, maana programu zao za zamani zilianza kupiga kelele. Mimi nasema kelele hizo ni za kheri. Programu inayolalamika mbele ya fundi humwepushia mwananchi kulalamika dirishani.

Wala tusidhani kwamba jambo hili limegunduliwa jana. Mwaka 1965 Tony Hoare, mtaalamu mkubwa wa kompyuta wa Uingereza, aliingiza katika lugha ya ALGOL W kile kiitwacho marejeo matupu, yaani kiungo kisichoelekeza popote. Mwaka 2009, katika mkutano wa wataalamu jijini London, alisimama mwenyewe akaliita wazo hilo kosa lake la thamani ya dola bilioni moja, kwa kuzingatia hasara zilizotokana nalo kwa miongo minne, na akaeleza kwamba aliliingiza kwa sababu lilikuwa rahisi mno kulitekeleza. Hiyo "rahisi mno" ndiyo ninayoipigania vita katika makala haya.

Mwingine ni Edgar Codd, mwanzilishi wa kanzidata za mfumo wa mahusiano, ambazo msingi wake aliuchapisha mwaka 1970 akiwa IBM. Codd aliona kwamba alama moja ya ukosefu haitoshi. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alipendekeza alama mbili: moja ya habari inayokosekana lakini inayomhusu mtu, na nyingine ya habari isiyomhusu kabisa. Namba ya simu ya mtu ambaye hatujamwuliza ni ya aina ya kwanza. Jina la mume wa mtawa ni la aina ya pili. Kwa maneno yetu, Codd alitaka kompyuta ijue "bado" na "haihusiki". Lugha ya SQL, ambayo ndiyo iliyotawala kanzidata duniani, ilibaki na alama moja tu, NULL, na kila aina ya ukimya ikatupwa humo.

Matokeo yake yanaweza kuonekana katika zoezi ambalo yeyote mwenye kompyuta anaweza kulifanya leo jioni. Tengeneza jedwali la watu kumi lenye safu iitwayo bima. Wanne waandikie "ndiyo", watatu waandikie "hapana", na watatu usiwaandikie kitu. Sasa uliza ni wangapi ambao bima ni sawa na "ndiyo". Utajibiwa wanne. Uliza ni wangapi ambao bima si sawa na "ndiyo". Akili ya kawaida inasema sita. SQL itakujibu watatu. Wale watatu wa mwisho hawamo katika hesabu ya walio nayo, na hawamo katika hesabu ya wasio nayo. Si kwamba wamefichwa: ndivyo kanuni za lugha zinavyotaka, kwa kuwa ukilinganisha kitu na NULL jibu si kweli wala si uongo, bali ni "haijulikani", na swali huwarudisha wale tu ambao jibu lao ni kweli. Sasa mpelekee waziri ripoti hiyo. Mwambie wenye bima ni wanne na wasio na bima ni watatu. Atapanga bajeti ya watu saba, na wale watatu watakutana na bajeti hiyo hospitalini.

Haya si mambo ya kufikirika. Katika chuo kimoja ambacho sitakitaja, alikuwapo mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye aliukosa mtihani wa pili wa darasani kwa kuwa alikuwa amelazwa, na ruhusa yake ilikuwa imetolewa kwa maandishi. Kazi za muhula zilikuwa na alama 40, na asiyefikisha 16 hakuruhusiwa kuingia katika mtihani wa mwisho. Katika mtihani wa kwanza binti huyo alikuwa amepata 14 kati ya 20. Katika karatasi ya alama, mbele ya jina lake, niliandika kwa kalamu neno "ruhusa". Karatasi ililipokea neno hilo bila ubishi, kama ilivyolipokea kwa miaka yote. Mfumo mpya wa matokeo ulikuwa na kisanduku kinachokubali namba tu. Aliyekuwa akiingiza alama akakiacha kitupu, na hilo lilikuwa jambo la uaminifu, maana hakuwa na namba ya kuandika. Programu ikausoma utupu ule kuwa sifuri, ikajumlisha 14 na 0, ikapata 14, ikamfungia mlango. Tulipolalamika tulijibiwa maneno mawili ambayo kila Mtanzania anayajua: "mfumo haukubali". Barua zikazunguka ofisi kwa ofisi. Mtihani ule aliufanya mwaka uliofuata, wenzake wakiwa wamekwisha kuhitimu.

Angalia ni nani aliyekosea hapo. Binti hakukosea. Mwingiza alama hakukosea. Aliyekosea ni yule aliyeandika mstari mmoja wa programu unaoigeuza nafasi tupu kuwa namba, na taasisi iliyoununua mfumo huo bila kuuliza utafanya nini utakapokutana na ukimya. Aliyelipa ni binti. Ndiyo maana nasema karatasi ya zamani, pamoja na vumbi lake na mchwa wake, ilikuwa na adabu kuliko mifumo mingi ya leo. Ilikuwa na pambizo. Karani aliweza kuandika "amefariki", "amehama", "haihusiki", "atarudi Jumatatu". Tulipoiondoa karatasi tuliiondoa na pambizo yake, na hatukuweka kitu mahali pake.

Tukitoka chuoni tukaingia katika nchi, uzito unaongezeka. Mwaka 2019 Tanzania iliagiza laini zote za simu zisajiliwe upya kwa alama za vidole, na usajili huo ulitaka namba ya utambulisho inayotolewa na NIDA. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019, kisha ukasogezwa kwa siku 20, hadi 20 Januari 2020. Sina ugomvi na lengo la zoezi: laini zisizo na wenyewe zimewaibia watu wengi. Lakini kwenye foleni zile walisimama watu wa aina mbili ambao mfumo wa kampuni za simu haukuwa na namna ya kuwatofautisha. Wapo ambao hawakuwahi kuomba kitambulisho. Na wapo ambao walikwisha kujaza fomu, wakapigwa picha, wakachukuliwa alama za vidole, na namba zao zilikuwa bado hazijatoka. Wa kwanza alichelewa yeye. Wa pili alicheleweshwa. Mbele ya kisanduku cha namba kilicho kitupu, wote wawili walikuwa kitu kimoja.

Wala ugonjwa huu si wa nchi changa pekee. Wazee waliotoka visiwa vya Karibi na kuhamia Uingereza kabla ya mwaka 1973 walikuwa na haki kisheria ya kuishi humo, na wengi wao hawakupewa hati ya kuthibitisha haki hiyo kwa kuwa wakati ule haikutakiwa. Mwaka 2010 Wizara ya Mambo ya Ndani ya nchi hiyo iliziharibu kadi za zamani zilizoonyesha tarehe walizoingia. Kisha sheria za uhamiaji za mwaka 2014 na 2016 zikawataka waajiri, wenye nyumba na mabenki kukagua hati za watu. Watu waliokuwa wameishi, wamefanya kazi na wamelipa kodi kwa miaka arobaini na hamsini wakajikuta wanafukuzwa kazini, wananyimwa matibabu, wengine wanawekwa kizuizini na hata kupelekwa nchi ambazo waliziacha wakiwa watoto. Kashfa hiyo ya Windrush ilipolipuka mwaka 2018, waziri Amber Rudd alijiuzulu. Ukivichambua visa hivyo vyote utaikuta kanuni ileile ya kijana wetu wa JavaScript: rekodi haipo, kwa hiyo haki haipo. Haki ilikuwapo. Kilichokosekana ni uandikishaji wake, na aliyeuharibu ndiye aliyeutumia ukosefu huo kama ushahidi.

Nimesikia majibu ya wapinzani wangu, nami niyajibu moja moja.

Wapo wanaosema: dawa ni kumlazimisha kila mtu ajaze kila kisanduku, pasiwepo na utupu wowote. Dawa hii ni mbaya kuliko ugonjwa, maana kisanduku cha lazima huzaa uongo. Fomu ikidai majina matatu, mwenye majina mawili atalirudia moja. Ikidai namba ya simu, bibi asiye na simu ataandikiwa ya mjukuu wake, na ujumbe wa siri wa bibi utasomwa na mjukuu. Ikidai siku ya kuzaliwa, asiyeijua ataandikiwa tarehe 1 Januari, ndiyo maana wakimbizi wengi walioandikishwa ughaibuni husherehekea siku moja. Mtu mwenye jina moja tu anapopewa viza ya Marekani, nafasi ya jina la kwanza hujazwa herufi FNU, kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana kwamba jina la kwanza halijulikani, na wapo ambao wameishi huko wakiitwa Fnu kana kwamba mama zao ndio waliowapa. Kisanduku tupu angalau kinakiri kwamba hakijui. Kisanduku kilichojazwa kwa nguvu hudanganya kwa uso mkavu.

Wapo wanaosema, na hawa ni waandishi wenzetu wa programu, kwamba kuuliza kila mara kama sifa imetangazwa kunachelewesha kazi na kuichafua programu. Katika jamii ya watumiaji wa Python kuna msemo kwamba ni rahisi kuomba radhi kuliko kuomba ruhusa: jaribu kuitumia sifa, na ikikosekana shughulikia kosa baadaye. Kama mtindo wa uandishi, sina neno. Ukilidaka kosa hilo kwa jina lake na ukaamua kwa makusudi la kufanya, umekwisha kuuliza swali langu kwa njia nyingine. Ninalolipinga ni kulidaka kosa na kulimeza. Mwandishi wa namna hiyo ameomba radhi kwa mashine, nayo imemsamehe. Mwananchi ndiye atakayeomba radhi kwa afisa, naye hatasamehewa.

Wapo pia wanaosema kwamba kompyuta hushauri tu, na uamuzi ni wa binadamu. Maneno matamu haya. Nendeni kwenye dirisha lolote la huduma mkamtafute binadamu huyo. Mtakayemkuta ni afisa aliyechoka, asiye na mamlaka ya kuandika popote ila katika visanduku alivyopewa. Akitaka kukusaidia hana pambizo. Akisema "mfumo haukubali" hasemi uongo, na hapo ndipo ubaya ulipo: uamuzi ulikwisha kufanywa miaka miwili iliyopita, na mtu ambaye hamtamwona kamwe, alipokuwa akichagua kati ya isset na property_exists saa nne usiku huku akikimbizana na tarehe ya kukabidhi kazi.

Sheria zetu si bubu kabisa katika hili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinagusa haki ya mtu kuhusu maamuzi yanayofanywa na mitambo peke yake, na haki ya kusahihishiwa taarifa zake. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya, katika kesi iliyofunguliwa na Nubian Rights Forum na wenzao dhidi ya mpango wa Huduma Namba, iliizuia serikali kuendelea mpaka kuwe na utaratibu kamili wa kisheria, na hofu ya watu wasio na hati kuachwa nje ya huduma ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa. Hizo ni hatua. Lakini haki ya kusahihisha taarifa humsaidia mtu ambaye taarifa yake imeandikwa vibaya. Vipi kuhusu yule ambaye taarifa yake haikuandikwa kabisa, na mfumo umeusoma ukimya huo kama jibu lake? Atasahihisha nini, wakati hakuna kilichoandikwa?

Kwa hiyo nadai mambo manne, na nayadai kwa taasisi za umma kwanza, maana zinatumia fedha zetu na hatuna mahali pengine pa kwenda.

La kwanza, katika kila zabuni ya mfumo unaohifadhi habari za watu, mzabuni aeleze kwa maandishi mfumo wake utafanya nini pale sifa isipotangazwa, pale ilipotangazwa bila thamani, na pale thamani yake ilipo sifuri au tupu. Asiyeweza kujibu maswali hayo matatu asipewe kazi, hata bei yake ikiwa nusu ya wengine.

La pili, kila ukimya uandikwe pamoja na sababu yake. Maneno manne yanatosha kwa kuanzia, nayo yamo katika Kiswahili cha kila siku: bado, haihusiki, haijulikani, amekataa kujibu. Safu moja ya ziada katika jedwali haitaifilisi wizara yoyote.

La tatu, pasitolewe uamuzi wowote wa kumnyima mtu haki, mkopo, laini, mtihani au matibabu kwa sababu ya sifa iliyokosekana, mpaka mtu huyo ajulishwe kwa maandishi ni sifa gani inayokosekana na ni nani aliyetakiwa kuijaza. Mzigo wa kuthibitisha uwe juu ya mwenye kanzidata. Yeye ndiye mwenye funguo za kabati.

La nne linatuhusu sisi walimu. Tusimpe alama za ufaulu mwanafunzi wa programu ambaye hajui tofauti kati ya kuuliza kama kitu kipo na kuuliza kina nini ndani yake. Tunamfundisha kupanga orodha kwa njia sita na kutafuta njia fupi katika grafu, mambo ambayo huenda asiyatumie maisha yake yote. Swali la sifa isiyotangazwa atakutana nalo siku yake ya kwanza kazini, na kila siku baada ya hapo, na kila mara kutakuwa na mtu upande wa pili wa skrini.

Na wewe msomaji usiye fundi, unayo silaha ndogo ya kuanza nayo. Siku utakapoambiwa dirishani kwamba mfumo haukubali, usiondoke. Uliza kwa upole: mfumo umesema sina, au mfumo haujui kama ninayo? Omba jibu hilo uandikiwe, lipigwe muhuri, na tarehe iwekwe. Anayekunyima haki kwa sababu hujui kitu anaweza kutetewa. Anayekunyima kwa sababu yeye ndiye asiyejua inabidi aseme hivyo kwa maandishi yake mwenyewe.